Kwa nini giza la filamu za kigothi za zamani linatisha, na la siku hizi linachosha?

Msomaji wa Usiku aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nina swali ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda, na naomba tulijadili kwa utulivu bila kuligeuza kuwa mashindano ya nani ametazama filamu nyingi.

Nimekuwa nikifuatilia filamu za kutisha za kigothi, yaani zile za makasri, majumba makubwa yaliyochakaa, koo zenye siri na wafu wasiotulia, kuanzia zile za kimya za Ujerumani hadi zinazotolewa sasa. Kinachonishangaza ni kwamba katika zile za zamani ninaona karibu kila kitu. Naona ngazi, naona ukuta, naona uso wa mhusika na hata mikunjo ya shuka alilojifunika, na bado mwili unanisisimka. Katika nyingi za miaka ya karibuni skrini ni nyeusi tii, nalazimika kukaza macho ili nijue nani amesimama wapi, na badala ya kuogopa nashikwa na usingizi. Kama giza ndilo linalotisha, ilipaswa iwe kinyume chake.

Kuna aliyenieleza kwamba picha za nyeusi na nyeupe zinatisha kwa asili yake, na kwamba rangi ilipoingia ndipo hofu ilipokufa. Jibu hilo halijaniridhisha, ila sina ujuzi wa kamera wala wa taa wa kunitosha kulipinga. Kwa hiyo naomba kuelimishwa: mpiga picha mkuu anafanya nini hasa na mwanga hata nyumba isiyo na kitu ionekane kuwa na kitu ndani yake? Na hilo la rangi lina ukweli kiasi gani?

FundiTaa alijibu:

Mkuu, nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe uliposema kwamba katika filamu za zamani unaiona ngazi na unauona ukuta. Giza katika picha linahitaji mpaka ili lihesabike kuwa giza. Fremu nzima ikififishwa kwa kiwango kimoja, jicho linakosa pa kuanzia na pa kuishia, na akili inachukulia kwamba hakuna kilichofichwa, ila picha imepigwa vibaya tu. Lakini ukipewa ukuta uliomulikwa sawasawa, katikati yake mlango ulio wazi, na ndani ya mlango huo weusi mtupu, hutautazama ukuta hata kidogo. Macho yatakwenda mlangoni na kubaki hapo. Weusi huo umepata mahali na ukubwa, na unaweza kutoa kitu wakati wowote.

Kwa utaratibu wa kawaida wa studio, mhusika humulikwa na taa kuu, kisha taa ya kujazia hulainisha vivuli vilivyoletwa na taa kuu, na taa ya nyuma humtenga na ukuta ulio nyuma yake. Vichekesho hujaza vivuli karibu vyote. Anayepiga filamu ya kigothi huipunguza taa ya kujazia au huizima kabisa ili upande mmoja wa uso upotee, na mara nyingi huipeleka taa kuu ubavuni au huishusha chini. Uso uliomulikwa kutoka chini hututisha kwa sababu tumezoea mwanga utokao juu, uwe wa jua au wa taa ya dari. Vivuli vya pua na nyusi vinapopanda badala ya kushuka, uso tunaoufahamu unageuka wa mtu mwingine. Mbinu hiyo imetumiwa mpaka imechakaa, ndiyo maana wapiga picha makini huitumia kwa nadra, tena huitafutia kisingizio, kwa mfano moto wa mekoni au fanusi iliyowekwa sakafuni.

Kisingizio cha mwanga ndilo jambo ninalotaka kukaa nalo zaidi. Hadithi za kigothi kwa kawaida huwekwa katika enzi ambayo nyumba zilipata mwanga kutoka kwa mshumaa, taa ya mafuta, moto, mbalamwezi na radi. Kila kimojawapo ni dhaifu, kinatikisika, au kinadumu kwa kitambo kidogo tu. Mtazamaji akiamini kwamba mwanga anaouona unatoka kwa mshumaa ule, ataamini pia kwamba giza linaanza pale mshumaa unapokoma, na kwamba upepo mdogo unaweza kulileta karibu.

Chukua The Innocents ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton na kupigwa picha na Freddie Francis. Studio iliagiza itumie CinemaScope, yaani fremu pana sana, jambo ambalo mwongozaji hakulitaka kwa hadithi ya watu wachache waliofungiwa ndani ya nyumba. Francis aliandaa vichujio vilivyopakwa rangi kwa mkono pembezoni, akaviweka mbele ya lenzi ili kingo za fremu zizame gizani na katikati pabaki na nuru. Sasa tazama usiku ule ambao mwalimu wa watoto, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anapita koridoni akiwa ameshika kinara. Mishumaa ilitengenezwa ikiwa na tambi kadhaa kila mmoja ili iwake kuliko mshumaa wa kawaida, na taa za studio zikaongezea kilichobaki. Uso wake unaonekana wazi, nguo yake inaonekana, na samani iliyo karibu naye inaonekana hadi nakshi zake; ila pembeni pote, pale ambapo fremu pana ingepaswa kutupa habari zaidi, hatupewi kitu. Kila anapogeuka mwanga unageuka naye, na pale alipotoka panarudi kuwa peusi. Ukitafakari utaona kwamba mwenye kinara ndiye mtu pekee anayeonekana katika nyumba nzima. Yeye ndiye anayetafuta, lakini pia ndiye rahisi zaidi kupatikana.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba giza la namna hiyo linakula taa nyingi. Francis alitaka vitu vya mbali vionekane kwa ukali uleule wa vitu vya karibu, na ili kupata hilo ni lazima kulibana tundu la lenzi, na ukilibana unahitaji mwanga mwingi mno kwenye seti. Kwa maneno mengine, usiku ule unaouona ulipigwa chini ya taa kali.

Kamera za dijitali za leo zinanasa picha katika mwanga hafifu ambao mkanda wa zamani usingeambulia chochote. Ni maendeleo makubwa, ila yameleta uvivu wake. Zamani mtu asipopanga taa hakupata picha. Leo anapata picha bila kupanga, kisha anaipunguza mwangaza wakati wa kuhariri na kuiita ya kutisha. Nadhani hiyo ndiyo inayokupa usingizi.

Kumbukumbu ya Mkanda alijibu:

Naungana na FundiTaa, ila ni vyema tukumbuke kwamba mbinu hizi hazikuzaliwa Hollywood, na chimbuko lake linajibu sehemu ya swali ambayo bado haijaguswa.

Katika The Cabinet of Dr. Caligari, filamu ya Ujerumani ya mwaka 1920, vivuli na miale mingi havikutengenezwa kwa taa. Vilichorwa kwa rangi juu ya kuta na sakafu za seti. Vina uzuri wake, lakini kivuli kilichochorwa hakisogei, na mhusika akipita mbele yake hakimgusi. Miaka miwili baadaye F. W. Murnau na mpiga picha Fritz Arno Wagner walitoka nje ya studio na kupiga sehemu za Nosferatu, filamu ya mnyonya damu, katika miji ya Wismar na Lübeck, na kwenye kasri la Orava lililopo Slovakia ya leo. Hapo ndipo kivuli kilipopata miguu.

Tukio la ngazi linajulikana hata kwa wasiowahi kuitazama filamu yenyewe. Mnyonya damu mwenyewe hatumwoni. Tunaona ukuta, nguzo za kishikio cha ngazi, na kivuli cha mgongo uliopinda na vidole virefu kikipanda taratibu. Kisha mkono wa kivuli unanyooka kuuelekea mlango. Msomaji wa Usiku, ukuta ule ni mweupe, na ndiyo maana ulisema unaona kila kitu. Kivuli kinatuarifu kwamba mwenye nacho yupo, na papo hapo kinatuarifu kwamba hayumo ndani ya fremu, kwa hiyo yuko mahali ambapo hatuwezi kumlinda mtu dhidi yake. Tena kivuli hukua kadiri mwenye nacho anavyoisogelea taa, hivyo mtu wa kimo cha kawaida anaweza kujaza ukuta mzima bila kuguswa na fundi wa vipodozi.

Kuna kisa kingine cha filamu hiyohiyo kinachoonyesha jinsi mwanga unavyobeba maana. Matukio ya usiku ya nje yalipigwa mchana, kwa sababu mikanda ya wakati ule haikuwa na uwezo wa kunasa usiku, kisha nakala zikatiwa rangi ya bluu kuashiria usiku na rangi ya manjano kuashiria ndani ya nyumba. Kwa miongo mingi nakala zilizozunguka duniani hazikuwa na rangi hizo, na watazamaji wakamwona mnyonya damu akibeba jeneza lake mitaani mchana kweupe. Na hiyo ndiyo filamu iliyoleta wazo la mnyonya damu kuangamizwa na jua! Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula anatembea mchana bila kudhurika, ingawa nguvu zake hupungua. Sinema ndiyo iliyoufanya mwanga kuwa adui wake, na sidhani kama ni bahati tu, kwa kuwa sinema yenyewe ni mwanga.

Baadaye wataalamu kadhaa wa Ujerumani walihamia Marekani. Karl Freund, aliyekuwa amepiga The Golem mwaka 1920 na kushiriki kuipiga Metropolis ya mwaka 1927, ndiye aliyeipiga Dracula ya studio ya Universal ya mwaka 1931. Niseme wazi kwamba filamu hiyo, hasa nusu yake ya pili, inasinzia. Lakini kinachokumbukwa na kila mtu ni macho ya Bela Lugosi, aliyemwigiza Dracula, na hayo ni kazi ya taa: miale myembamba ilielekezwa machoni huku sehemu nyingine ya uso ikiachwa hafifu, na ghafla macho yakaonekana kana kwamba hayategemei uso ulioyabeba. Ukitaka kulinganisha, tafuta toleo la Kihispania la mwaka huohuo, lililopigwa usiku kwenye seti zilezile na George Robinson, ambalo kamera yake inatembea zaidi.

Wakati huohuo Carl Theodor Dreyer na Rudolph Maté walikuwa wameshika njia nyingine kabisa katika Vampyr ya mwaka 1932. Waliweka kitambaa cha shashi mbele ya lenzi, na picha ikawa na ukungu wa kijivu ambamo hakuna weusi kamili wala weupe kamili. Pale hofu inatokana na kutokuwa na uhakika kama unachokiona ni mtu, kivuli, au kosa la macho yako. Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya za kigothi wa Uingereza, alikuwa ameshaligusa jambo hili katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alipotofautisha hofu inayoamsha nafsi na kitisho kinachoigandisha, na akaihusisha ile ya kwanza na mambo yasiyoonekana bayana.

Niongeze jambo moja kuhusu pesa. Cat People ya mwaka 1942, iliyotengenezwa na Val Lewton katika studio ya RKO na kupigwa na Nicholas Musuraca, ilikuwa na bajeti ndogo, na ngazi zake ni za seti iliyokwisha kutumiwa na filamu nyingine ya studio hiyo. Giza lilificha umaskini huo. Tukio la bwawa la kuogelea halina kitu zaidi ya maji, mwanga unaocheza ukutani na darini, mlio, na mwanamke anayejizungusha majini akitafuta kinachomzunguka.

Rangi Saba alijibu:

Kwa heshima zote, naona waliotangulia wameliacha swali la pili njiani, na pia wamelipa giza sifa ambazo si zake zote.

Tuanze na rangi. Aliyekwambia kwamba rangi iliua hofu hajui jinsi hizo filamu za nyeusi na nyeupe zilivyotengenezwa, kwa sababu studioni rangi zilikuwepo na zilifanya kazi. Mabadiliko ya uso katika Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya mwaka 1931, iliyopigwa na Karl Struss, yalifanyika hivi: Fredric March alipakwa vipodozi vya rangi ambavyo havikuonekana chini ya kichujio cha rangi ileile, kisha kichujio kikabadilishwa taratibu mbele ya lenzi, na mikunjo na weusi vikajitokeza usoni pake bila picha kukatwa hata mara moja. Mario Bava alitumia ujanja wa aina hiyo kumzeesha mwanamke mbele ya macho yetu katika I vampiri ya mwaka 1957. Na mikanda ya awali haikuhisi wekundu, hivyo midomo ilitoka myeusi na kila doa la ngozi likaongezeka ukali. Jarin Blaschke alipopiga The Lighthouse ya mwaka 2019 kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, aliagiza kichujio maalumu cha kuiga tabia hiyo, ndiyo maana nyuso zile zinaonekana kana kwamba zimechongwa kwenye mti mkavu.

Rangi ilipoingia waziwazi, kampuni ya Hammer ya Uingereza iliikumbatia katika The Curse of Frankenstein ya mwaka 1957 na Dracula ya mwaka 1958, zote zikipigwa na Jack Asher. Hapa nampinga FundiTaa moja kwa moja. Anasema mwanga unahitaji kisingizio. Tazama The Brides of Dracula ya mwaka 1960, kazi nyingine ya Asher, uone mabaka ya zambarau na kijani yaliyomwagwa kwenye kuta na pembe za vyumba bila mshumaa, dirisha wala kitu chochote cha kuyaeleza. Hakuna anayelalamika. Nyumba inaonekana kuwa na mapenzi yake yenyewe, kana kwamba ndiyo inayochagua ijionyeshe kwa rangi gani. Vivyo hivyo katika The Masque of the Red Death ya mwaka 1964, ambayo Nicolas Roeg aliipigia Roger Corman, watu wanapita katika vyumba vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na rangi yake moja, na kadiri unavyovijua vyumba ndivyo unavyokiogopa cha mwisho. Huwezi kupata hofu ya namna hiyo kwa nyeusi na nyeupe.

Sasa kuhusu giza lenyewe. FundiTaa ametumia The Innocents kueleza mshumaa, na ameeleza vizuri, lakini tukio linalotisha kuliko yote katika filamu hiyo ni la mchana. Mwalimu yuko kando ya ziwa pamoja na mtoto, na ng'ambo, katikati ya matete, amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Hakuna pembe ya giza. Mwanamke yule yuko mbali, ni mdogo ndani ya fremu pana, hasogei, na kamera haimkimbilii ili kutuhakikishia kwamba tumeona sawasawa. Kinachofanya kazi hapo ni umbali, utulivu na muda. Mpiga picha angemleta karibu kwa lenzi ndefu, mzuka ungegeuka mwigizaji aliyevaa gauni.

Na The Others ya Alejandro Amenábar ya mwaka 2001, iliyopigwa na Javier Aguirresarobe, inaligeuza jambo zima juu chini. Watoto wana ugonjwa unaofanya mwanga wa jua uwadhuru, kwa hiyo mama yao anafunga mapazia mchana kutwa, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla ule wa nyuma yake haujafungwa. Katika nyumba hiyo giza ndilo kinga. Siku mapazia yanapotoweka madirishani na mwanga mweupe kujaa vyumbani, mtazamaji anapata hofu ambayo filamu nyingine humpa taa inapozimika. Hilo limewezekana kwa sababu filamu imetumia saa nzima kutufundisha sheria ya nyumba ile kabla ya kuivunja.

Kwa hiyo jibu langu kwa muuliza swali ni kwamba filamu nyingi za sasa hazikosi mwanga, zinakosa sheria. Giza lao halina maana moja inayodumu tangu mwanzo hadi mwisho.

FundiTaa alijibu:

Rangi Saba, hoja ya ziwa naikubali, na mfano wa The Others ni mzuri kuliko yote niliyoandika. Kuhusu Asher tutaendelea kutofautiana. Kwangu mimi mabaka yake ya zambarau ni mazuri kwa macho, ila hayajawahi kunitisha; nayatazama jinsi ninavyotazama mapambo. Kinachotisha katika Dracula ya 1958 ni Christopher Lee, aliyemwigiza Dracula, kusimama kimya juu ya ngazi, mwanga ukiwa nyuma yake na uso ukiwa umefichika, kisha kushuka na kuongea kama mwenyeji mstaarabu. Hapo mwanga umetuahidi jitu, na hatua chache tu zikatuletea muungwana.

Msomaji wa Usiku aliandika:

Nawashukuru nyote, na nafurahi kwamba hamjakubaliana kwa kila jambo. Nina swali la nyongeza la vitendo. Sisi ni kikundi cha wanafunzi na tunataka kupiga filamu fupi ya tukio moja: mtu yuko peke yake chumbani usiku, ana mshumaa mmoja, na kuna mlango nyuma yake. Hatuna taa za maana. Je, mshumaa peke yake utatosha kwa kamera za sasa?

FundiTaa alijibu:

Kamera itanasa kitu, ila huenda kisiwe kile unachokitaka. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, yaani kitu kilichoko mita 2 kutoka kwenye mshumaa hupata robo tu ya mwanga unaopata kitu kilichoko mita 1. Uso wa mwigizaji utakuwa mzuri akiwa karibu na mwali, lakini mlango wako ulio mita 4 nyuma utapotea kabisa, na mlango usioonekana haumtishi mtu. Ukiongeza uwezo wa kamera ili mlango uonekane, mwali utageuka doa jeupe lisilo na umbo na weusi utajaa chembechembe.

Stanley Kubrick alipotaka kupiga kwa mishumaa mitupu katika Barry Lyndon ya mwaka 1975, alitumia lenzi za Zeiss zenye tundu pana mno la f/0.7 zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya NASA, na hata hivyo waigizaji walilazimika kutulia sana kwa sababu eneo lililokuwa wazi kwa lenzi lilikuwa jembamba mno. Anayeinama kidogo tu anatoka kwenye ukali. Filamu ile si ya kutisha, ila inaonyesha gharama ya njia hiyo.

Kwa hiyo tumia mshumaa kama kisingizio, si kama taa. Tafuta balbu ndogo ya mwanga wa manjano unayoweza kuipunguza, uifiche nyuma ya kitu kilichoko mezani kati ya mshumaa na mwigizaji, ukihakikisha inatoka upande uleule wa mwali. Atakayeiongoza aitikise kidogo sana. Watu wengi hupitiliza, na mwali ukatikisika kuliko radi. Kisha weka taa nyingine dhaifu upande wa pili wa mlango, yenye ubaridi wa mbalamwezi, imulike ukingo mmoja tu wa fremu ya mlango au sakafu ya mbele yake. Ndani ya mlango pasiwe na kitu. Kama kuta ni nyeupe, zifunike kwa vitambaa vya rangi nzito, kwa sababu ukuta mweupe utarudisha mwanga kila mahali na kukujazia vivuli usivyotaka vijazwe. Nywele ndefu na mapazia viwe mbali na mwali, na ndoo ya mchanga au ya maji iwe karibu.

Mwisho, usiisogeze kamera kuelekea mlangoni. Mwache mwigizaji akae mbele akiwa na kazi ya kufanya, aandike barua au ashone, na mlango ubaki palepale nyuma ya bega lake kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa.

Kumbukumbu ya Mkanda alijibu:

Neno la mwisho kwa upande wangu linahusu usingizi uliouzungumzia mwanzoni. Kabla hujaihukumu filamu ya sasa kuwa nyeusi mno, angalia unaitazama wapi. Wapiga picha wengi hupanga vivuli vyao wakiwa katika chumba cheusi chenye skrini iliyopimwa. Ukiitazama sebuleni taa ikiwa imewashwa, mwanga wa chumba unaanguka juu ya kioo na kuyageuza maeneo meusi kuwa ya kijivu, na tofauti ndogondogo zilizokuwa ndani yake zinafutika. Huduma za kutazama filamu kwa intaneti nazo hubana faili, na sehemu ya kwanza kupoteza maelezo ni hiyohiyo ya giza, ndiyo maana unaona mistari na vibonge mahali palipopaswa kuwa na weusi laini. Zima taa ya chumba, ondoa mpangilio wa televisheni unaobadilisha mwangaza wenyewe kila tukio linapobadilika, na chagua ubora wa juu wa picha unaopatikana. Ikibaki nyeusi bado, basi FundiTaa ana haki ya kuwalaumu walioipiga.